Mikono Bila Ulimi: Mafunzo ya Wasaidizi wa Chumba cha Upasuaji Nchini Kenya

Wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii husikika sana katika hotuba za vyama vya ushirika na katika insha za watahiniwa wa kidato cha nne, lakini ni nadra kutajwa pale ambapo ukweli wake hudhihirika kuliko kwingineko kokote, yaani katika chumba cha upasuaji. Mgonjwa anapolazwa juu ya kitanda kile chembamba chini ya taa kubwa, jina analolijua, ikiwa analijua jina lolote, ni la daktari mpasuaji. Hamjui aliyeviosha vifaa, akavifunga na kuviua viini usiku uliotangulia. Hamjui aliyeihesabu shashi kipande kwa kipande, wala aliyeamka alfajiri kuikagua mitungi ya oksijeni na mashine ya kufyonza damu. Hao ndio wataalamu wasaidizi wa chumba cha upasuaji: wauguzi wa upasuaji, mafundi wa thieta, matabibu na wauguzi wa nusukaputi, pamoja na wale wanaowasaidia.

Fasihi yetu nayo haijawatendea haki. Aghalabu katika hadithi na michezo ya televisheni, mgonjwa husukumwa kwa kitanda cha magurudumu, milango hufungwa, jamaa hubaki ukumbini wameshika tama, kisha daktari hutokea akivua barakoa na kutamka sentensi moja, ya heri au ya shari. Yaliyotendeka nyuma ya milango ile hayasimuliwi. Laiti ukimya huo ungekuwa wa wasanii peke yao! Mipango ya elimu na ya ajira pia huwataja watu hawa kwa mkato, kana kwamba kazi yao ni kushika na kupokeza tu. Makala haya yanadai kwamba mafunzo ya wataalamu hawa nchini Kenya yamejitahidi kuifunza mikono, yakausahau ulimi, na kwamba usahaulifu huo huweza kugharimu uhai wa mtu.

Si haki kudai kwamba hakuna lililofanywa. Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya, ambacho mizizi yake inarudi nyuma hadi mwaka 1927, kimewafunza maelfu ya wahudumu wa afya wa kila ngazi, na miongoni mwa kozi zake zimo za uuguzi wa upasuaji, teknolojia ya thieta na nusukaputi. Hospitali ya AIC Kijabe nayo imejijengea sifa kwa kuwafunza wauguzi wa nusukaputi ambao wametawanyika katika hospitali za mashambani. Mhitimu wa kozi hizi huzijua kanda za kupimia joto la mashine ya mvuke. Hujua kwamba vifaa vikikaa katika nyuzi 121 huhitaji robo saa, ilhali katika nyuzi 134 dakika chache hutosha, na kwamba hesabu hiyo huanza pale joto linapofikiwa, si pale swichi inapobonyezwa. Hujua kuwa spiriti iliyopakwa ngozini isipoachwa ikauke kabla ya kuwashwa kwa kisu cha umeme, mgonjwa anaweza kuungua akiwa usingizini. Haya ni maarifa mazito, na walioyabuni mitaala hiyo wanastahili shukrani.

Hata hivyo, maarifa yote haya hufunzwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, kisha mhitimu hutumwa akawahudumie watu ambao wengi wao hawaongei Kiingereza. Hapo ndipo penye pengo.

Chukulia, msomaji, kisa kifuatacho ambacho kinaweza kutokea Kwale, Kitui au Busia. Mama wa miaka sitini amepangiwa kupasuliwa ngiri saa nne asubuhi. Msaidizi aliyefuzu juzi anaisoma fomu yake ya Kiingereza na kuitafsiri papo hapo: "Mama, umekula chochote tangu jana usiku?" Mama anajibu kwa unyofu, "La, mwanangu, sijala." Alama inatiwa penye kisanduku, na safari ya kwenda thieta inaanza. Mama yule hajadanganya. Saa kumi na mbili alfajiri alikunywa kikombe cha uji, na katika Kiswahili uji hauliwi, hunywewa. Chai ya maziwa vilevile hunywewa. Aliulizwa habari za kula, akajibu habari za kula. Lakini tumbo halijui sarufi. Kanuni za nusukaputi humtaka mtu mzima akae saa 6 bila chakula chepesi wala maziwa, na angalau saa 2 bila maji. Kwa mujibu wa kanuni hizo, uji ni chakula. Mgonjwa akishalala, misuli inayoyazuia yaliyomo tumboni yasipande kooni hulegea, na uji ule wa alfajiri huweza kupanda na kuingia mapafuni.

Swali lililostahili kuulizwa ni hili: "Kitu cha mwisho kupita kinywani mwako ni kipi, na kilipita saa ngapi?" Kisha msaidizi ataje kimoja kimoja: uji, chai, maziwa, dawa za mitishamba, hata ile miraa ambayo mtafunaji hakubali katu kuiita chakula. Na hata baada ya hapo mtego haujaisha. Mgonjwa akisema "saa mbili", anakusudia saa mbili ya Kiswahili. Msaidizi anayeandika kwa Kiingereza yampasa aigeuze, na akighafilika kwa sababu ya uchovu wa zamu ya usiku, atakuwa amekosea kwa saa sita kamili, yaani muda uleule ambao mgonjwa anatakiwa kufunga. Je, ni mtaala gani unaolifunza jambo hili? Linaachiwa akili ya mtu na bahati ya mgonjwa.

Kuna mitego mingine ya aina hiyo. "Mkono" wa Mswahili huanzia begani hadi ncha za vidole. "Mguu" huanzia nyonga hadi wayo. Fomu ya Kiingereza huvigawa viungo hivi kwa majina tofauti, kwa hivyo mgonjwa anayesema "mguu unaniuma" hajataja bado mahali. Mwanamke aliyewahi kujifungua kwa operesheni anaweza kuulizwa kama amewahi kupasuliwa akakana, kwa sababu katika fikra zake yeye alizalishwa, hakupasuliwa. Kupasuliwa ni kwa wagonjwa. Nayo ganzi huchanganywa na usingizi, hivi kwamba mtu aliyeahidiwa ganzi hushtuka anapozisikia sauti za madaktari na kudhani dawa haikufanya kazi. Yote haya ni maswali ya semantiki, taaluma ambayo wanafunzi wa Kiswahili huisomea darasani kwa kuchora michoro ya vitomeo na fahiwa. Huko thieta, michoro hiyo ina damu.

Yapo masikio yatakayosema kwamba hizi ni porojo za wapenzi wa lugha. Ushahidi basi na usikizwe. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji yenye vipengele 19. Orodha yenyewe haina mashine mpya wala dawa mpya. Ni maneno ya kutamkwa kwa sauti katika vituo vitatu: kabla ya mgonjwa kulazwa usingizi, kabla ya ngozi kukatwa, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane duniani, na mmojawapo ulikuwa Ifakara, Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha kwamba vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 0.8, na matatizo makubwa yafuatayo upasuaji yakapungua kutoka asilimia 11 hadi asilimia 7. Miongoni mwa vipengele hivyo 19, kimoja kinamtaka kila aliye chumbani ajitaje kwa jina na kwa kazi yake. Kwa mtu wa nje hili ni jambo la adabu tu. Kumbe aliyekwisha kuisikia sauti yake mwenyewe chumbani humo huwa mwepesi zaidi kusema tena anapoona hatari.

Isidhaniwe, hata hivyo, kuwa karatasi peke yake ina baraka. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali 101 za jimbo la Ontario, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2014, haukuona upungufu wa maana wa vifo baada ya orodha hiyo kuanza kutumiwa kwa amri. Wapo walioutumia uchunguzi huo kuibeza orodha. Fasiri iliyo karibu zaidi na akili ni kwamba kutia alama kwenye visanduku si kusema, na kusema si kusikizwa. Palipozungumzwa kwa kweli, wagonjwa walipona kwa wingi zaidi; palipojazwa fomu, fomu zilijaa.

Hapo linazuka suala la cheo na heshima, ambalo katika mazingira yetu ni zito kuliko la msamiati. Msaidizi ni kijana wa miaka ishirini na minne. Mpasuaji ana umri wa baba yake, ana mvi, na pengine ndiye aliyemfunza. Upasuaji umekwenda saa tatu na tumbo linakaribia kushonwa. Kwa desturi ya kazi, shashi, sindano na vifaa huhesabiwa kabla ya kuanza, huhesabiwa tena kabla ya kushona tumbo, na mara nyingine kabla ya kufunga ngozi. Hesabu ya kwanza ilikuwa vipande ishirini. Sasa ni kumi na tisa. Daktari amechoka, wagonjwa wengine wawili wangali wanangoja, na amekwisha kuomba uzi. Kijana yule atasema nini? Malezi yake yote, tangu nyumbani hadi chuoni, yamemfunza kwamba mdogo hamsahihishi mkubwa mbele za watu. Akijaribu kusema kwa Kiingereza, lugha ambayo haimjii kwa wepesi anapobabaika, ataanza kwa kuomba radhi, ataongeza "labda", ataongeza "nadhani", na kufikia mwisho wa sentensi hoja itakuwa imeyeyuka.

Kiswahili kina njia yake ya kulitatua hili. Lugha hii imelelewa na watu wanaothamini heshima, na kwa sababu hiyo imejaa namna za kumkinza mkubwa bila kumvunjia hadhi. "Daktari, hesabu haijatimia." Maneno matatu. Hayamshtaki mtu, hayana "labda", wala hayamwambii daktari kwamba amekosea. Hesabu ndiyo ambayo haijatimia. Kauli kama hizi zaweza kukusanywa, zikakubaliwa na hospitali nzima na zikafunzwa kwa mazoezi, kama vile makuli wa bandarini na mabaharia wanavyofunzwa miito ya kazi yao. Aliyeizoea kauli tangu chuoni huitoa bila kupima kwanza kama ana ujasiri wa kutosha. Na mpasuaji aliyekwisha kukubaliana na wenzake kuwa akiisikia kauli hiyo ataweka sindano chini, haoni kuwa amedharauliwa.

Mnamo Machi 2018 taifa la Kenya lilishtuka kupata habari kwamba katika hospitali kubwa ya rufaa jijini Nairobi mgonjwa alipasuliwa kichwa kwa makosa badala ya mwenziwe, baada ya vitambulisho vya wagonjwa hao kuchanganywa. Miongoni mwa waliosimamishwa kazi walikuwamo wauguzi. Tazama kinaya hicho: upasuaji ukifaulu hawa hawaonekani, ukiharibika huonekana wa kwanza. Haiwezekani kumtwika mtu lawama ya kutosema bila kwanza kumfunza kusema na kumpa kibali cha kusema.

Tukiacha mafunzo na kuingia katika ajira, hali haipendezi. Tangu mwaka 2013 huduma nyingi za afya zimekuwa mikononi mwa kaunti. Mwaka 2015 Serikali ya Kitaifa ilianza mpango mkubwa wa kukodisha vifaa vya tiba kwa hospitali mbili katika kila kaunti, na vifaa vya chumba cha upasuaji vilikuwamo. Baadaye Seneti iliunda kamati ya kuuchunguza mpango huo, na mojawapo ya mambo yaliyodhihirika ni kuwa baadhi ya mashine zilikaa bila kutumika kwa kukosa wahudumu waliofunzwa, au kwa kukosa umeme na maji ya kuaminika. Mashine zilitangulia, mikono ikafuata nyuma, na ulimi haukualikwa kabisa. Wakati huohuo, si ajabu kumkuta muuguzi aliyetumia mwaka mzima na karo yake mwenyewe kusomea upasuaji amepangiwa zamu katika wodi ya watoto au dirisha la kutolea dawa, kwa kuwa orodha ya zamu inamtambua kama muuguzi tu. Fundi wa thieta naye huzungushwa kwa kandarasi za miezi sita sita. Kijana akiuliza ngazi ya kazi yake inapandia wapi, jibu la kweli ni kwamba anayetaka kupanda hulazimika kuihama kazi hiyo.

Kwa hiyo wengi hutazama ng'ambo. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kuwawezesha wahudumu wa afya wa Kenya kufanya kazi huko, na wengine wamekwenda Ghuba. Katika mwaka uohuo, Waziri wa Afya aliutangazia umma kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza ili waende Uingereza, ni 10 tu waliofaulu. Habari hiyo ilizua kicheko kwenye mabaraza, na wapo waliohitimisha kwamba dawa ni kuongeza Kiingereza na kupunguza mengine. Pingamizi hili lina uzito na halifai kupuuzwa: Kiingereza ni mlango wa riziki na wa vitabu vya taaluma, na hakuna mwenye busara atakayetaka kuufunga. Ila habari hiyo ina upande wa pili. Ikiwa wauguzi wengi hivyo hawakufikia kiwango cha Kiingereza kinachotakikana ng'ambo, basi hapa nyumbani ni lugha hiyohiyo isiyowatosha wanayotakiwa kuitumia kuokoa maisha. Wao hawana kosa. Wamefunzwa kazi kwa lugha moja na kuitenda kwa lugha mbili au tatu, bila mtu kuwafunza daraja la kuvukia.

Pingamizi la pili ni lile la kale, kwamba Kiswahili hakina istilahi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilikwisha kuchapisha kamusi ya tiba mwaka 2003, hivyo anayelalamika na aifungue kwanza. Na zaidi ya hayo, haidaiwi hapa kwamba kila koleo la thieta libatizwe upya. Wahudumu wana majina yao ya vifaa, mengine ya Kiingereza, mengine yaliyotoholewa, na kazi inakwenda. Mgonjwa haulizi jina la koleo. Anauliza kama ataamka, kama ataumwa, kama atazaa tena, na nani atakayekuwa naye humo ndani. Kwa maswali hayo Kiswahili hakijawahi kupungukiwa na neno. Wala haidaiwi kwamba Kiswahili kitatosha kila mahali. Mzee wa Lodwar au wa Mandera atahitaji lugha yake, na msaidizi anayeijua ana kipaji ambacho hakuna cheti kinachokitaja. Katiba ya 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Fomu ya ridhaa ambayo mgonjwa anaitia kidole gumba bila kuielewa ni vigumu kuiita ridhaa.

Yapasa basi mtihani wa mwisho wa kozi hizi uwe na sehemu ya mazungumzo kwa Kiswahili: dakika kumi za kumhoji mgonjwa wa kuigiza ambaye amekunywa uji na hajala, dakika nyingine tano za kumzuia daktari wa kuigiza mwenye haraka. Anayeshindwa hapo asifuzu, hata kama anazifahamu nyuzi za joto zote. Yapasa pia kaunti ziwape waliosomea thieta nafasi za thieta, zenye cheo na mshahara unaopanda bila mtu kulazimika kuihama kazi. Hilo la pili ni la fedha na la siasa, na litachukua muda.

La kwanza halihitaji kungoja. Vyuo vikuu vyetu vina idara za Kiswahili zenye wanafunzi wa uzamili wanaohangaika kutafuta mada za tasnifu, na baadhi yake ziko mwendo wa dakika chache tu kutoka hospitali za kufunzia. Orodha ile ya vipengele 19 na fomu ya maswali ya kabla ya upasuaji zaweza kuandikwa kwa Kiswahili kinachoulizika, zikajaribiwa na kusahihishwa katika muhula mmoja. Kazi hiyo haihitaji jengo wala mkopo. Inahitaji walimu wawili wa Kiswahili, muuguzi mmoja mzoefu wa thieta, na alasiri kadhaa za kukaa katika wodi ya upasuaji wakisikiliza jinsi wagonjwa wanavyojibu wanapoulizwa kama wamekula.